Dikoda ya Mama Melania

Paskazia, ambaye Kharumwa nzima ilimwita Mama Melania, alikuwa na banda la video mwishoni mwa miaka ya tisini. Banda hilo ndilo lililomlisha tangu mumewe afukiwe na kifusi shimoni akitafuta dhahabu. Jumamosi wachimbaji walijaa kutazama mpira wa Ulaya. Ungo ulikuwa juu ya bati, jenereta nyuma ya choo, na ndani kulikuwa na dikoda, kijisanduku cheusi ambacho mabwana wa kampuni huko Dar es Salaam walimkodisha kwa masharti mengi kuliko ya mahari.

Sharti kubwa lilikuwa asikifungue. Sasa, mtu wa kwetu akipata duka au baiskeli, anaizindika kwa dawa, wezi wasiiguse. Mganga alimwambia Mama Melania kwamba dawa ya nje huishiwa nguvu, iwekwe tumboni mwa kitu chenyewe. Basi akalegeza skrubu kwa kisu, akaingiza kifundo cha kitambaa chekundu, akakaza. Picha zikaendelea kuonekana vizuri tu.

Ndipo akaja Stanslaus, wakala wa kampuni kutoka Shinyanga mjini, tai shingoni, kukagua mitambo. Alikula kuku wa mama wa watu, akalamba vidole, akamwita mayu, yaani mama, kila tonge. Alipoona stika ya kampuni iliyoziba skrubu imechanika, akaaga kwa tabasamu. Mnafiki mkubwa! Alipofika ofisini akapiga simu Dar: huyu mama amechokonoa mtambo, anaiba chaneli.

Jumamosi iliyofuata mpira ulikuwa umeshaanza kioo cha televisheni kilipoingia giza, yakabaki maneno: kifaa kimefungwa, muone wakala. Mtu asiyejua hata Kharumwa iko upande gani alikuwa amebonyeza kitufe huko huko Dar, kwenye kiti chake. Hakuuliza chochote. Wachimbaji wakapiga miluzi, wakahamia banda la jirani. Mama Melania alijua wakizoea huko hawarudi tena.

Jumatatu alikuwa Shinyanga, dikoda imefungwa kwenye kitenge.

"Shikamoo, mayu," alisema Stanslaus, bila haya.

"Marahaba. Nifungulie matangazo yangu."

"Haiwezekani. Umeongeza waya humu ndani."

"Fungua basi, unionyeshe huo waya."

Alifungua kwa mbwembwe zote. Akakiona kile kifundo chekundu, akarudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. Mtoto wa kijijini Didia yule, alijua vizuri anachokiona. Tai haikumsaidia kitu.

"Mayu, kitoe."

"Kitoe wewe. Si mtambo wenu?"

"Tafadhali, mayu."

"Mwambie bosi wako aje akitoe, kama mkono wake unafika mbali hivyo." Akasimama, akakunja kitenge chake. "Mimi naondoka. Naiacha hapa hapa mezani kwako."

Hajafika mlangoni, Stanslaus alishanyakua simu. "Ifungueni ya Kharumwa! Sasa hivi! Ndiyo, nimekagua mwenyewe. Hakuna kitu humu, hakuna kabisa!"

Skrubu alizirudisha Mama Melania mwenyewe, bila kutoa chochote. Wakala alibandika stika mpya ya kampuni, akiikandamiza kwa ncha ya rula.