Kilo za Baba Mdogo

Nikisikia harufu ya mafuta ya ng'ombe yanayoyeyushwa, mgongo wangu unawasha. Baba aliyapaka kila jioni kwenye vidonda vya punda wetu, Hodi, na kazi ya kushika kibuyu ilikuwa yangu. Hodi tulimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi aliingiza kichwa jikoni bila kubisha. Alikuwa mdogo, tumbo kubwa, miguu kama mipini ya majembe. Alibeba mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya jirani na mgodi wa Bulyanhulu hadi kwenye vinu vya kuyasaga, na sisi watoto watano tulikula kutokana na mgongo wake.

Baba hakujua kusoma, lakini sheria yake ilijulikana kijiji kizima: Hodi asizidishiwe kilo themanini. "Punda hasemi nimechoka," alikuwa akisema. "Anaanguka tu."

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Msimu wa pamba, mama na mimi tulipeleka mzigo kituoni kuuza, na Baba mdogo Mayunga, mdogo wake baba, akatusindikiza. Alikuwa mtu wa mizaha. Karani alipomaliza na magunia yetu, Mayunga akaning'inia kwenye ndoano ya mizani, miguu juu. Karani akasoma kwa sauti: "Sabini na moja. Pamba chafu hii, hatununui." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Mvua zilipoanza, shimo alilokuwa akichimba Mayunga likaporomoka. Baba alikuwa msibani Ushirombo. Wachimbaji wawili walimleta Mayunga kwetu wakimkokota, paja limevunjika, damu ikichuruzika chini ya shuka waliyomfunga. Barabara ya malori, ambako angepata gari la hospitali, ilikuwa mwendo wa saa moja, na hao wawili nao walikuwa wameumia, hawakuweza kwenda naye mbele.

"Shemeji," Mayunga alimwambia mama, "nipandisheni tu juu ya Hodi."

Mama alimtazama Hodi. Majirani walikuwa wameshaanza kujaa uani. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Siku ile mizani ilisema ngapi?"

Akilini nilimwona Hodi amelala kwenye mto wa njia ya barabarani, miguu imevunjika. Sikuona kitu kingine. Nikasema, "Mia moja na mbili."

Mayunga alinitazama. Hakunibishia, sijui kama ni maumivu au ni mapenzi. Mama akasema, "Basi atamwangusha Hodi njiani. Tafuteni vijana, abebwe kwa kitanda."

Vijana wote walikuwa mashimoni. Yowe lilipigwa, tukangoja. Mayunga aliomba maji, akaomba tena. Jua lilikuwa limepita utosini walipopatikana wanne wa kubeba kitanda, na hawakufika nacho barabarani. Walirudi nacho kimefunikwa.

Baba aliporudi aliuliza swali moja tu: punda alikuwa wapi? Mama akajibu, "Mwanao alisoma mizani. Kilo mia na zaidi." Baba akasema mia ni nyingi. Asubuhi Hodi akaingiza kichwa jikoni kama kawaida, nami nikampiga kwa mwiko usoni. Sikushika kibuyu cha mafuta tena.

Nimekua na jambo hilo. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo. Mwaka jana, mama akiwa kwangu Ngokolo akichambua choroko, nilishindwa kuendelea kulificha. Nikamwambia, "Mama, mizani ilisema sabini na moja."

Hakuinua macho. "Najua. Si nilikuwepo?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Hodi angeteleza mtoni na mvua zile akafa, ninyi watano mngekula nini? Na mimi ningewezaje kusema asipandishwe, mbele ya watu, juu ya shemeji yangu? Nilijua utamkinga Hodi, na mtoto halaumiwi."

Ni kweli, hakuna aliyenilaumu. Nampenda mama yangu, na ningekuwa na watoto watano na punda mmoja huenda ningefanya vilevile. Lakini siku ile alipima migongo miwili midogo pale uani, wa punda na wangu. Wa punda akaona hauwezi kumbeba Mayunga.

Akanipandishia mimi.