Siku Mama Alipokwenda Porini

Baba yangu huwapa watu waendao sokoni ushauri wa jangwani. Ukipita mbele ya parseli, kiwanja chetu hapa Bel-Air, Lubumbashi, atakuita, atakuuliza unakwenda wapi, na kabla hujajibu atakuamuru unywe maji. "Maji ya mu chupa haisaidiake muntu," husema. "Maji ya mu tumbo njo inasaidia. Bengi balikufwa, chupa iko imejaa." Watoto wa mtaa wanamwita Papa Chasseur, yaani Baba Mwindaji. Mimi ni Virginie, bintiye wa kwanza, na kwa kuwa ninaishi parseli hiihii na mume wangu Gauthier, ushauri huo huupata asubuhi, mchana na jioni, kama dawa ya kikohozi.

Jina lake ni Léonard. Baba yake alikuwa mtu wa reli na alitaka mwanawe awe mtu wa reli, lakini mtoto alitorokea kwa mjomba wake, mwindaji, kwenye nyanda za juu nyuma ya Kilwa yetu ya Katanga, mbali na ziwa. Ukitazama ramani hutaona jangwa lolote Katanga. Lakini kiangazi kikikaribia kwisha huko juu, nyasi zimeungua, mito imebaki mchanga, na mtu anaweza kutembea tangu alfajiri hadi magharibi asione tone la maji. Wawindaji wenyewe walipaita Désert, yaani jangwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la kijiji, nikawa nauliza kama kuna shule.

Reli ilimpata baadaye. Alikuja Lubumbashi, akaajiriwa karakana ya mabehewa, akamwoa Mama. Lakini kila alipopewa congé, likizo ya kazi, wenzake wakinyoosha miguu na kunywa bia, yeye alichukua pupu yake, bunduki ya kushindilia baruti, akapanda lori la Kilwa. "Benzangu banaenda mu congé," alijigamba. "Miye ninaenda ku kazi." Na mtu akimuuliza kwa nini asitulie nyumbani walau mwaka mmoja, jibu lilikuwa tayari: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hapo alikuwa akimtupia Mama jicho. Mkaa bure, kwake, alikuwa Mama.

Bunduki ilikwisha kwenda kwa wapwa zake zamani, na goti lake la kushoto limegoma. Kilichobaki ni maneno, na maneno hayana goti. Atakwambia usitembee jua la saa sita, lala kivulini kama swala, kwani swala si mjinga. Atakwambia ubebe majivu kwenye kitambaa na kurusha kidogo hewani, upate kujua upepo unakusemea kwa nani. Na utembeapo nchi usiyoijua, geuka nyuma mara kwa mara. "Njia ya kurudia iko na sura ingine," husema. "Kama hauyione, haitakujua."

Hilo la kugeuka alijifunza kwa kiu. Alimfuata swala aliyejeruhiwa, macho yote mbele, na alipoinua kichwa hakuitambua tena nchi. Maji yakamwishia. Jioni akaona njiwa wanaruka chini chini, moja kwa moja, hawatui popote. Njiwa wa namna hiyo anakwenda kunywa, Baba anasema. Aliyekwisha kunywa huruka mzito, akipumzika mti hadi mti. Akawafuata mpaka kwenye mto mkavu, akachimba kwa mikono upande wa nje wa kona, chini ya matete. Yalitoka matope kwanza. Akangoja. Asiye na subira hunywa matope, na Baba, mtu asiyeweza kungojea chai ipoe, husema maneno hayo bila haya yoyote. Alipomaliza kunywa aliona swala wake amesimama ng'ambo, mguu umevimba, una damu, anayatazama maji. Hakumpiga. Alirudi nyuma akamwachia shimo. Pa maji, anasema, bantu habapiganake.

Alifika nyumbani mikono mitupu. Mama hakumuuliza kitu. Alimpa maji kwa mikono miwili, katika kikombe cha bati, akangoja anywe.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na Mama Marceline aliishika kuliko rozari yake, ingawa rozari nayo hakuiachia. Mwindaji hatoki nyumba ikiwa na kinyongo. Kama wamegombana, Mama alisukutua kinywa kwa maji, akayatema kizingitini na hasira yake yote, ndipo akasema, "Wende, urudi." Akiwa porini, nyumba haitoi kelele: hakuna ugomvi, wala na jirani, maana pori linasikia. Moto wa nyumba hauzimwi, na hauazimwi; hata kaa moja la moto halivuki geti. Na akirudi haulizwi ameleta nini. Maji kwanza. Nimekua ndani ya ukimya huo. Kila congé ya Baba, sisi watoto tulipigana kwa kufinyana tu, bila sauti.

Mwaka huu daktari akatuambia Mama ana uvimbe tumboni, mkubwa, lazima apasuliwe. Hakutuficha kwamba kwa umri wake anaweza asiamke. Baba akakataa katakata. Alisema kisu ni cha nyama, si cha Marceline, na yeye anajua mizizi. Mama akamjibu mizizi hiyo akampe swala wake. Basi wakanuniana. Wazee wawili, meza moja, ugali mmoja, na mimi katikati.

"Virginie, ambia baba yako bukari iko tayari."

"Virginie, ambia mama yako nilisikia."

Asubuhi ya kwenda hospitali Gauthier alikwisha kuwasha gari. Mama alitoka na kikwembe, kitenge chake cha Jumapili, akafika kizingitini, akasimama.

"Mama, twende. Docteur anatungojea."

"Miye sitoke hivi," akasema. "Muntu hatokake, nyumba iko na kinyongo."

Baba alikuwa kwenye benchi lake, ametazama ukuta kana kwamba umeandikwa habari. Nilimfokea. Nilimwambia mambo mengi na mengine sikuyafikiria kwanza. Akainuka, akachechemea ndani, nikajua amekimbia. Kumbe amekwenda kuchukua kikombe cha bati. Akajaza maji kinywani, akasukutua, akasukutua, akatema kizingitini mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongo.

"Wende," akasema. "Urudi."

Mama akamtazama. "Roho yako iko muzuri?"

"Iko na boga, Marceline. Lakini iko muzuri."

Sikuwahi kumsikia baba yangu akisema ana woga. Mama akaingia garini, nami nikaingia nyuma. Tulipofika kwenye kona Mama aligeuka na mwili mzima, ingawa kugeuka kulimuuma, akaitazama nyumba, geti la bluu, na mzee aliyesimama pale na kikombe. Baadaye jirani aliniambia kuwa Baba alisema peke yake, "Muzuri. Anaangalia njia ya kurudia."

Walipomwingiza chumba cha upasuaji, muuguzi akanituma mashuka na uji. Gauthier akabaki mlangoni, mimi nikarudi mbio Bel-Air, kichwa kinawaka. Naingia uani, nataka kupika uji, gunia la makala, mkaa wa kupikia, halipo. Gunia zima! Limebaki teko moja la makaa mekundu katika mbabula, jiko letu la makaa, yamefunikwa majivu vizuri. Natoka nje, namkuta Baba amepiga magoti uani kwa Mama Émerance, jirani yetu kutoka Kivu ya Kaskazini anayeuza maharage kwa jumla, akipepea moto kwa kofia yake, uso wote majivu.

Émerance mwenyewe alikuwa amesimama mikono kiunoni. Alikuja kuomba makaa kama afanyavyo kila siku, Baba akamwambia moto hapana. Na Émerance ana moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. "Papa, moto tu? Nimekukosea nini?" Watu wakaanza kuchungulia. Fikiria basi shida ya mzee: akitoa moto, amevunja; akigombana, amevunja. Watu wetu wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Akaumeza ulimi wake, akaburuta gunia letu mpaka kwa Émerance na goti lile bovu, akamwashia moto mpya kwa kiberiti, ili moto wa kwetu usivuke geti.

Mimi wakati ule sikuyajua yote hayo. Nilijua tu kwamba mama yangu yuko chini ya kisu na baba yangu anagawa makala. Nikafungua kinywa, na nikikifungua mimi, mtaa hufunga madirisha.

Baba aliinua mkono, taratibu, kama mtu aliyeona mnyama karibu.

"Virginie. Sauti. Mama yako iko ku pori."

Nikafunga kinywa. Nilimtazama yule mzee mwenye majivu usoni, mtu aliyegombana na kila mwenye pikipiki wa wilaya yetu ya Kampemba, nikaona kuwa tangu asubuhi hajapandisha sauti hata mara moja. Machozi yakanitoka palepale mbele ya Émerance. Émerance naye akaelewa, bila kufundishwa. Alirudisha gunia mwenyewe, likiwa na makala mengi kuliko lilivyotoka, akayamimina penye mbabula yetu. Na redio yake kubwa haikulia tena mpaka Mama aliporudi.

Uji ukiwa jikoni, simu ikaita. Ilikuwa Gauthier: Mama ametoka, ameamka, ameomba maji. Nikapiga kelele ya furaha, nikaziba kinywa kwa mkono. Baba akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Kuua nyama haiko kufika ku nyumba."

Basi akaendelea. Siku zote Mama alizolazwa, aliamka kufukia na kufukua makaa, alifagia kabla jua halijazama, alisalimia watu kwa upole mpaka wakadhani anaumwa. Kila jioni alikaa kwenye benchi ametazama kona. Mtu aliyezoea kuifuata njia sasa ilimbidi aingoje njia imletee mkewe, na alikonda. Aliyekuwa amepasuliwa alikuwa Mama, lakini aliyeacha bukari sahanini alikuwa yeye.

Siku Gauthier alipomrudisha, majirani walikwisha kujaa getini na maswali yao: ulipasuliwa wapi, walitoa nini, ulilia? Baba akawapanulia mikono kama mtu afukuzaye kuku. "Hapana kumuuliza! Maji kwanza!"

Akaja na kikombe cha bati, mikono miwili, amekijaza mpaka ukingoni, maji yakamwagika kwenye kikwembe cha Mama. Mama akanywa yaliyosalia, polepole, mpaka tone la mwisho. Akatazama mbabula, akaona kaa jekundu chini ya majivu. Akamtazama mumewe, mashavu yameingia ndani.

"Mukaa bure," akasema. "Ulishinda namna gani?"

Baba akaketi chini, palepale kizingitini, miguuni pake.

"Marceline. Weye ulikuwa unafanyaka hii kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Akavua kofia. Akafuta uso nayo.

"Kumbe miye njo nilikuwa mu congé."

Mama akaanza kucheka, akajishika tumbo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtiririka. "Nyamaza, Léonard," akasema. "Usinichekeshe. Balinishona."