Ukoo wa Koko

Siku wakwe walipopanda kutoka Nyangezi kuja kuniomba, nilikuwa chumbani nyuma ya rido, pazia ya mulango, masikio wazi. Kwetu Bashi hili halina muchezo: kabla ya kuzungumuzia ng'ombe, kila upande unataja ukoo wake, baba, babu, baba ya babu, watu wasije wakaoza dada kwa kaka. Na sisi hatukuwa na wa kutaja. Papa alishakufa. Alibaki koko, baba yake, na koko aliokotwa akiwa mutoto mudogo mbele ya kambi, hajulikani ni wa nani. Askari wa miguu wakamulea, naye akaingia bataillon ileile, kikosi chao, mpaka akazeeka.

Maman alimubembeleza koko, baba mukwe wake: “Papa, tafazali, uazime ukoo wa jirani. Nani atajua?”

“Niazime wazazi kama sufuria?” Yee, alikasirika muzee!

Basi wakwe wakauliza. Koko akasimama, koti limefungwa mpaka shingoni. “Bataillon yetu,” akaanza, nami nikafunika uso. “Mukubwa ni ile ya Wabeleji, ya kofia nyekundu na miguu bila viatu. Hiyo ikazaa ya viatu, ndiyo iliyoniokota. Ya viatu ikazaa ya uhuru. Ya uhuru wakaibadilisha namba, halafu jina, halafu bendera, lakini tarumbeta ya asubuhi ni ileile. Na mimi nikazaa papa ya huyu binti. Nimemaliza.”

Nikasema moyoni, kwisha, nitazeekea humu.

Ndipo babu ya muchumba wangu akauliza: “Hiyo tarumbeta iko inalia namna gani?”

Koko akavimbisha mashavu, akaipiga kwa mudomo. Alipofika katikati, yule muzee akaimalizia yeye. Halafu akaegemea fimbo yake, sura imebadilika.

“Hiyo ni nyumba yangu. Na mimi nilitumika humo. Basi hawa watoto ni kaka na dada. Ndoa haiwezekani.”

Yesu Maria! Nilishika rido ikakaribia kunibakia mukononi. Miaka mitatu ya kupendana, iuawe na tarumbeta?

“Ngoja kwanza,” koko akasema. “Compagnie gani ndani ya bataillon?”

“Ya tatu.”

“Ya tatu! Wale waliokula mbuzi yetu kule Kamanyola? Hao si ndugu. Hao ni majirani, tena wabaya!”

“Ile mbuzi ilijileta yenyewe!”

Nyumba nzima ikacheka, hata padri wa jirani aliyekuja kwa ajili ya chakula. Kwenye ng'ombe za mahari yangu wakwe wakaongeza mbuzi moja, na mambo yakaisha.

Nilipotoka na kasiksi, pombe ya ndizi, kuwapa wageni, wale wazee wawili walikuwa wameketi benchi moja. Koko alikuwa analia, wala hakujificha. Nikapiga magoti, nikamuuliza kuna nini.

“Mutu ameniuliza ukoo wangu,” akasema, “na anaujua.”