Kondoo wa Kumrudisha Baba

Harufu ya majani yaliyosagika tumboni mwa kondoo hunirudisha Bokoli, nyumbani kwa Nyanya, likizo ile Baba aliporudi kutoka Somalia. Baba alikuwa mwanajeshi wa majini, mtoto wa shambani ambaye hakuwa ameiona bahari hadi alipoandikishwa. Waliposhuka ufuoni kupigana, risasi ilimpata pajani. Nilipomwona akiingia uani na mkongojo nilimkimbilia, mikono juu. Akarudi nyuma. "Ngoja kwanza, Nekesa," alisema bila kunitazama. Nililia hadi nikashikwa na kwikwi.

Kwetu, aliyetoka vitani hamshiki mtoto wala halali nyumbani mwake kabla hajachinjiwa kondoo dume na kupakwa yale majani ya tumboni, yamtoe damu ya vita. Mama hakutaka kusikia. "Si sisi ni watu wa kanisa? Hii mambo tuliacha kitambo." Nyanya, ambaye hakukosa ibada hata mvua ikinyesha, aliendelea kupepeta maharagwe yake. "Kanisa ataenda Jumapili. Mtoto asiguse kwanza." Baba hakubishana na yeyote. Alichukua mkeka akaenda kulala jikoni kwa Nyanya.

Ami yangu Wafula, bingwa wa kujisifu, alitumwa sokoni Lwakhakha. Alirudi kifua mbele na kondoo mnono ajabu. Nyanya alimkagua mara moja tu. "Wewe bana! Huyu si ni jike? Na ako na mimba!" Ikabidi tungoje soko lingine. Wiki nzima nilimpelekea Baba chai, nikaiweka chini, nikasogea kando ndipo aichukue. Nilimchukia yule kondoo aliyekula nyasi zetu kwa raha zake.

Dume lilipopatikana, Baba alipakwa kifuani na miguuni. Mama, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, ndiye aliyemchotea maji ya kuoga. Kisha Baba akaketi, akafungua mikono. Nilimrukia, akaguna kwa maumivu ya paja, lakini hakuniachilia.

Siku hizi naishi Kitale, ambako askari waliorudi huenda kuzungumza na washauri, na ni jambo jema. Baba amestaafu, anachechemea, analima mahindi. Sijawahi kumuuliza alifanya nini kule ufuoni, wala sitamuuliza. Nilipojifungua mwaka huu alikuja kumwona mjukuu wake, akasimama mlangoni na mkongojo wake, asiingie.

"Nekesa," akasema, "naweza kumshika?"

Nilimwekea mtoto mikononi.