Mashine Iliyoitikia Shikamoo

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi hii, mdogo wangu, lilikuwa kuifundisha mashine kuitikia shikamoo. Ukisikia hivyo unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka siku nilipoifundisha, tena nikajisifu. Leo nikikumbuka, sicheki.

Wazee wetu wanapotunasihi huanza na "mwanangu". Mimi sina mvi hata moja, na neno hilo kinywani mwangu lingenipwaya kama koti la babu. Kwa hiyo nakuita mdogo wangu, wewe uliyefungua duka la vipuri Masasi, au saluni Tandahimba, au unayemsaidia mama yako kuuza unga kwa simu. Umesikia kwamba akili mnemba inaweza kujibu wateja wakati wewe uko shambani. Ni kweli, inaweza. Lakini nipe muda kidogo nikueleze jinsi nilivyoitumia vibaya, kwa sababu mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi tangu hapo nimekuwa mtu wa kushtuka.

Nimezaliwa Lupaso. Sikusoma chuo chochote cha kompyuta. Nilijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kuniambia "hapo panatosha", sijawahi kujua kitu kimetosha lini. Ujumbe wa mistari miwili naweza kuuandika upya mpaka chai ipoe. Watu huita hali hiyo bidii. Mimi najua ni woga. Nilikuwa naogopa kuonekana sijui.

Mama Festo alinipa kazi Newala, kwenye duka lake la pembejeo. Anauza dawa za mikorosho, mbegu, na mabomba ya kupulizia. Ni mama mtu mzima, mzee wa kanisa, na ana desturi moja ambayo wateja wake wote wanaijua: ukimwambia mikorosho yako inaumwa, hakuuzii kitu mpaka aone tawi. Kwa hiyo msimu wa maua dukani kwetu watu huingia na matawi mkononi, wengine wameyafunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Yeye hugeuza jani, hunusa ua, ndipo hunyoosha mkono kwenye rafu.

Shida ilikuwa simu. Wakati Mama Festo anatazama tawi la mmoja, simu ya duka ilikuwa inaingiza ujumbe wa watu wengine kumi. Na maswali ni yale yale. Mmefungua? Salfa ipo? Mnafunga saa ngapi? Waliochoka kungoja walikwenda duka la jirani. Ndipo nikaiunganisha simu ile na programu ya akili mnemba, nikaiandikia saa za kufungua, bidhaa tulizonazo, na mahali duka lilipo. Wiki mbili za kwanza zilikuwa neema. Watu walijibiwa papo hapo, na Mama Festo akapata nafasi ya kutazama matawi bila kukatizwa. Ningeishia hapo, nisingekuwa na la kukuandikia.

Lakini niliona wateja wakisoma "Habari, mimi ni msaidizi wa duka" kisha wakinyamaza. Mmoja aliandika, "Sina maneno na bati, niitieni mwenye duka." Iliniuma kana kwamba bati ni mimi. Nikakusanya ujumbe wa zamani aliouandika Mama Festo kwa mkono wake, ile "mwanangu" yake, ile "pole na shamba", nikaipa mashine iige. Nikaiagiza: ukiamkiwa shikamoo, itikia marahaba. Nikaongeza agizo jingine ambalo lilikuwa la moyo wangu kabisa: usiache swali lolote bila jibu.

Mama Festo nilimwambia tu kwamba nimeiboresha kidogo.

"Sawa," alisema. "Angalia isije ikaniposea mume."

Asubuhi moja ya ukungu, ile baridi ya Newala inayokufanya ushike kikombe kwa mikono miwili, nilikaa kusoma mazungumzo ya jana. Nilikuwa nayasoma kwa kujifurahisha. Nikafika kwa Mama Kristina wa Makote, mjane mwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, na shamba hilo ndilo linalomlisha yeye na wanawe mwaka mzima. Alikuwa ameandika jioni: "Shikamoo Mama Festo. Maji yamebaki madumu mawili tu. Naweza kuchanganya salfa ya maji na ile dawa ya wadudu kwenye bomba moja, nipulize mara moja?"

Wewe wa huku hunihitaji nikueleze jinsi maji yalivyo adimu huku juu. Mtu akiuliza kama anaweza kubana dumu moja, haulizi kwa uvivu.

Jibu likaenda saa ile ile: "Marahaba mwanangu, pole na shamba. Ndiyo, unaweza kuchanganya, utaokoa maji. Koroga vizuri kabla ya kupuliza. Mungu abariki kazi ya mikono yako."

Nikalisoma tena. Salfa huzuia ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua. Dawa ile ya wadudu ina mafuta. Ukizichanganya, jua likipanda, maua yanaungua, na ua likiungua hakuna korosho mpaka mwaka mwingine. Hata mimi nilijua. Mama Festo alikuwa amezitenga kwenye rafu, na kwenye ubao katikati yake aliandika kwa kalamu nene: HAWA HAWAOANI. Lakini mashine haikuwahi kuiona rafu. Mimi ndiye niliyepaswa kuiambia.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Haipatikani. Na sasa nakuungamia jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu wa nyumbani kwetu: kabla sijamwita Mama Festo, niliufuta ule ujumbe, kwake na kwetu. Kidole kilikwenda chenyewe. Nilijiambia nazuia madhara zaidi. Uongo. Nilitaka usiwepo.

Kisha nikamweleza Mama Festo, ila habari ya kufuta nikaimeza.

Hakupaza sauti. Aliuliza, "Aliniamkia?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukaitikia kwa jina langu."

"Si mimi, Mama, ni ile mash..."

"Mashine haijazaa, haina wa kumwita mwanangu. Funga mlango."

Tukafunga duka katikati ya msimu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimwita kijana wa toyo, ile pikipiki ya matairi matatu inayouza maji, akanunua mzigo wake wote. Yeye akakaa nyuma kati ya mapipa, mimi nikakaa kando ya dereva. Njia nzima ya Makote niliona mikorosho yenye maua, pande zote mbili, na kila mmoja nikauona umeshakauka. Niliomba tuchelewe. Halafu niliomba tuwahi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga ya mtu ambaye hana.

Tulimkuta Mama Kristina ameinama, anazibua bomba kwa kijiti.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa anamtazama Mama Festo.

"Shikamoo dada. Afadhali umekuja mwenyewe. Dawa imeganda kama maziwa yaliyochacha, bomba limeziba. Nimefika mti wa nne tu."

Minne. Si shamba zima.

"Marahaba. Hazichanganywi hizi," alisema Mama Festo.

"Si wewe uliyeniambia nichanganye?"

"Mimi sikukuambia, mwanangu."

"Uliniambia. Nilikuamkia, ukaitikia, ukanibariki. Ngoja."

Akaenda nyumba ya jirani alikoacha simu kwenye sola. Akarudi anaiwasha, anatembea polepole, kisha akasimama. Nilimwona akipeleka kidole juu na chini. Pale palipokuwa na jibu paliandikwa kwamba ujumbe umefutwa.

"Lilikuwa hapa," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Niliwasomea na watoto."

Mama Festo, ambaye habari ya kufuta hakuijua, aligeuka akanitazama, akingoja niseme mwenyewe. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na nikaona Mama Kristina anaanza kumtilia mwenzake shaka, kisha anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Ningekaa kimya dakika moja zaidi, wanawake wale wangeachana vibaya, na mimi ningebaki kijana mzuri wa kompyuta. Sikuwahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa dakika ile, hasa kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi.

"Ni mimi," nikasema. "Mashine ilijibu kwa jina la Mama, nami leo nikafuta."

Mama Kristina alinitazama kwanza viatu, kisha uso. "Kumbe nilimwamkia bomba."

Hakuna aliyecheka.

Tulivaa vitambaa usoni tukaosha miti ile minne kwa maji ya toyo, tawi kwa tawi, jua likizidi kupanda. Hapo ndipo Mama Festo aliponionya, akiwa na ndoo mkononi, bila kunitazama.

"Kukosea umekosea, hata mimi nimeshauza mbegu zilizooza. Lakini ulitaka mjane wa watu ajione amechanganyikiwa ili wewe uonekane safi. Sikiliza. Mtu akikuamkia anakukabidhi kitu. Ukisema marahaba umekipokea. Sasa ile mashine yako ilipokea, nikawa sijui, na wewe ukawa hutaki. Huyu mwenzetu alikuwa amemkabidhi nani?"

Mara ya kwanza tangu niajiriwe nilisema, "Sijui, Mama."

"Haya," alisema. "Mwaga na upande huu."

Siku sita nilisubiri. Mama Festo alikuwa amempelekea Mama Kristina dawa mbili tofauti kwa siku mbili tofauti, na maji ya kutosha, na habari ya bei hakuigusa. Siku ya saba nikaenda Makote peke yangu. Niliamkia nikiwa mbali, nikijiandaa kutojibiwa.

"Marahaba," alisema Mama Kristina. "Njoo uone mwenyewe."

Miti mitatu maua yake yalikuwa yamegeuka kahawia, yanapukutika ukiyagusa. Wa nne ulinusurika nusu. Shamba lililobaki lilikuwa jeupe na la waridi, nyuki wanavuma. Alivunja kitawi kilichoungua akanipa. Nilikipeleka dukani, nami sasa nikiwa na tawi mkononi kama wateja wetu.

Mdogo wangu, sijakusimulia haya ili uikimbie akili mnemba. Anayeikimbia atapitwa, na duka dogo likipitwa halina akiba ya kusubiri. Faida ipo. Ila anza na swali moja linalokuchosha, lile unalolijibu kila siku kwa maneno yale yale: saa za kufungua, kama kofia zimefika, kama mashine ya kusaga inafanya kazi leo. Liandikie jibu mwenyewe, kwa mkono wako, uipe mashine. Likienda vizuri, ongeza la pili. Mwenda pole hajikwai. Sisi hatukuishia kwenye saa za kufungua. Mashine sasa huwakumbusha wakulima siku ya kupuliza mara ya pili, na kila Ijumaa hutuorodheshea bidhaa zilizoulizwa sana ambazo hatuna, na orodha hiyo imetuongezea wateja kuliko tangazo lolote. Hiyo ndiyo faida yake, nayo ni nzuri.

Lakini chora mstari. Jambo ambalo likikosewa mtu anaumia, dawa, kipimo, nyaya za umeme, breki, mashine na ikusanye swali tu, imwulize mteja anachokiona, kisha ikuite. Ifundishe kusema "sijui, ngoja mwenyewe", kwa maana kuuliza si ujinga, na kwa mashine pia si ujinga. Ijitambulishe kuwa ni mashine, hata kama wengine wataiita bati. Usiivishe jina la mtu ambaye hajasoma ilichosema. Na ikikosea, na itakosea, usifute. Piga simu, nenda kwa miguu, beba maji ukiweza. Wewe unayependa kila kitu kiwe bila doa, nakusihi zaidi, kwa sababu nakujua: doa utakalolificha wewe litamwangukia mtu mwingine.

Nami nisiye na mvi naazima kinywa cha wakubwa zangu kukubariki. Mungu alijalie duka lako milango ya kuingilia wengi, akupe subira ya kusoma kabla ya kutuma, na akuweke mbali na faida inayomliza jirani. Ukianguka, uanguke mbele ya watu watakaokushika mkono.

Siku hizi mashine yetu ikiamkiwa hujibu kwamba yenyewe ni mashine na Mama Festo yupo. Swali la dawa haliendi popote mpaka mmoja wetu alisome, na anayetuma anaandika jina lake. Jina langu nimeliandika mara nyingi sasa. Bado nasoma kila jibu mara mbili, lakini natuma.