Bibi Shamba na Mtihani wa Kiingereza

Kilichomuuma Mwantum Abubakari ni kwamba habari iliyomwangusha kwenye mtihani ilihusu kiduha. Laiti ingekuwa habari ya reli za zamani au ya wachoraji wa Ulaya, angejisamehe. Lakini kiduha! Kile kijimea chenye maua mekundu kinachojishikiza kwenye mizizi ya mtama na kuinyonya mpaka shamba zima linadumaa, yeye amekifukuza miaka tisa katika vijiji vya Chamwino. Yeye ndiye afisa ugani wa huko, na wakulima humwita bibi shamba.

Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimemkubali kusomea shahada ya pili ya magonjwa ya mimea, kwa sharti moja: afaulu mtihani wa Kiingereza kwa wastani wa sita na nusu, na asishuke chini ya sita katika sehemu yoyote. Kwenye kusoma alipata tano. Aya moja tu ilimlia dakika ishirini. Alikuwa anakijua kila kitu kilichoelezwa mle, lakini maneno yalimzunguka kama watu anaowafahamu waliovaa barakoa. "Viable." "Exude." "Lie dormant." Muda ulipokwisha, maswali tisa yalikuwa hayajaguswa.

Alirudi Dodoma, akanunua daftari kubwa, akaandika maneno mia nne ya baiolojia, kila neno na maana yake ya Kiingereza kama ilivyo kwenye kamusi. Kila asubuhi kabla ya kazi alikariri maneno kumi na tano. Ndivyo alivyosoma tangu sekondari kule Kondoa, na ndivyo alivyokuwa wa kwanza darasani kwenye baiolojia miaka minne mfululizo. Baba yake, mkulima wa Kolo, bado anacho cheti kile ukutani.

Mwantum alikuwa anaishi Mkonze, nyumba moja na Yasinta, mwandishi wa taarifa za vikao bungeni. Yasinta alikuwa mwepesi wa Kiingereza lakini baiolojia aliiacha kidato cha pili. Jumapili moja mchana, Mwantum akiwa anafua uani, Yasinta alilichukua lile daftari akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Haya, nikupime. Dormant."

Mwantum alimwaga maelezo yote kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi, hali fulani ya kiumbe ambamo ukuaji umesimama kwa muda, na kadhalika, mpaka nukta.

"Safi. Sasa niambie kwa Kiswahili."

"Ni ile hali... ukuaji unakuwa... yaani kiumbe kina-dormant."

Yasinta alicheka. "Kina-dormant! Shoga, mbona wewe hujui hili neno? Umelikariri tu."

"Kila mtu alikariri. Ulitaka tufanyeje?"

"Sijasema vibaya. Nasema hulijui."

Mwantum aliikamua shuka kwa nguvu isiyohitajika, akaianika, akaingia ndani. Siku mbili hawakusemezana zaidi ya salamu. Hakukasirishwa na kicheko. Kilichomtesa ni kwamba alilifungua daftari peke yake, akayapitia maneno yote mia nne akijiuliza swali lilelile la Yasinta, na kati ya hayo akayaweza hamsini na mawili. Akajiuliza ile nafasi ya kwanza darasani aliipata kwa kujua nini.

Siku ya tatu kazi ilimpeleka Manchali, kwenye shamba la Mama Cecilia, mama wa Kigogo aliyekuwa amekataa mara tatu kubadilisha mazao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bibi shamba. Umekuja tena kuniambia nipande ufuta?"

"Nimekuja kuona hali. Lile eneo la bondeni, si uliliacha bila kupandwa?"

"Miaka sita sikupanda kitu. Mwaka huu nimetia mtama, hebu tazama." Walisimama mbele ya mistari ya mtama uliopauka, na kiduha kimechanua chini yake. "Mbegu zake zinalala. Unadhani zimekufa, kumbe zimelala tu humo udongoni, zina uhai wake. Ukipanda mahindi au mtama, mizizi inatoa jasho lake, zenyewe zinasikia, zinaamka. Ukipanda karanga zinaendelea kulala."

Mwantum aliacha kuandika. "Mama, hebu rudia."

"Nirudie nini? Wewe si ndiye msomi?"

"Rudia tu, mama. Tafadhali."

Mama Cecilia alirudia, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mwantum alisimama juani akiisikia ile aya ya mtihani neno baada ya neno. Kulala udongoni. Kuwa na uhai. Kutoa jasho. Alijisikia furaha na aibu kwa pamoja, asijue ipi imetangulia. Miaka tisa alikuwa akifika pale kufundisha, na hakuwahi kumuuliza huyu mama anakielewaje kiduha.

"Sasa kama unajua kwamba karanga haziziamshi," alimuuliza, "kwa nini hupandi karanga?"

"Kwa sababu ugali haupikwi kwa karanga. Na wewe hukuniuliza, ulikuwa unaniambia tu."

Siku hiyo waligawa shamba kwa maneno: msimu ujao nusu mtama, nusu karanga, na ule unaofuata zibadilishane. Jambo hilo Mwantum alikuwa amelihubiri miaka mitatu bila kupata kitu.

Jioni alimkuta Yasinta jikoni, akamwambia, "Ulisema kweli, na mimi nilinuna bure."

"Nami nilicheka vibaya. Lete daftari."

Walianza upya. Sheria ilikuwa moja: neno haliandikwi mpaka Mwantum alieleze kwa Kiswahili na Yasinta, asiyejua baiolojia, alielewe. "Membrane" likawa utando, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. "Susceptible" likawa mtu ambaye mafua hayampiti. Mengine yaligoma kabisa. Kuna neno moja la chembe za urithi walilipigania wiki nzima wakaliacha. Kutoka maneno mia nne walifika mia moja na themanini, basi. Wakati wa chai ya asubuhi Yasinta alizungumza Kiingereza tupu, kwa kasi ya wabunge, na Mwantum akamjibu hivyohivyo, akikosea na kuendelea.

Mtihani wa pili aliufanya Dar es Salaam mwezi wa tano. Kiduha hakikutajwa popote. Habari ngumu kuliko zote ilihusu samaki wa kina kirefu cha bahari wanaotoa mwanga miilini mwao, na mtu wa Kolo angemjulia wapi samaki huyo? Yalikuwamo maneno kama saba asiyoyajua. Hakuyakimbia. Alitazama kila moja limekaa na nani, likifanya kazi gani, akakisia na kusonga mbele. Alimaliza zikiwa zimebaki dakika nne.

Kwenye mazungumzo mambo hayakwenda hivyo. Mtahini alimtaka aeleze jengo analolipenda. Mwantum hakuwa na jengo analolipenda. Akaanza kueleza nyumba ya Mkonze, uani na kamba ya kuanikia nguo, na mwenzake anayeunguza maharage kila Jumamosi. Mtahini alitabasamu kidogo, au labda ndivyo uso wake ulivyo.

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Kusoma saba. Kusikiliza sita na nusu, kuzungumza sita na nusu, kuandika sita kamili, palepale kwenye ukingo. Wastani sita na nusu. Yasinta alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje.

Ruhusa ya masomo ya mwaka mmoja ilipopatikana, karanga za msimu mpya zikiwa zimeshaota, Mwantum alikwenda Manchali kuaga. Mama Cecilia alimsikiliza huku akipepeta mtama.

"Mwaka mmoja si mwingi," alisema. "Lakini huku atakuja nani?"

"Elisante, mwenzangu wa ofisini. Ni kijana mzuri, mama, amesoma."

"Namjua. Husimama barabarani akapiga picha, akaondoka."

Mwantum naye alimjua hivyo. Wiki ile ile alimchukua ofisini, akaenda naye Manchali, akamtambulisha, kisha akamwambia asitoe karatasi yoyote mkobani, aanze kwa kuuliza. Mama Cecilia alikuwa ameshatangulia katikati ya karanga. Elisante alisita ukingoni, akaangalia viatu vyake vipya, akaingia.