Faili Lililosubiri Alhamisi

Kiwandani kwetu karani wa vibali vya kazi tulimwita Mama Muhuri, naye hakukasirika. Miaka kumi na tisa amewahudumia mafundi wa kigeni kwa mtindo wake uleule: maombi yote anayakusanya, anayapeleka Uhamiaji Alhamisi. Ukimsumbua Jumatatu atakuuliza, "Kwani nyumba inaungua?" Mimi mtunza stoo nimekaa naye chumba kimoja, ninayajua maringo yake.

Fundi Boila, mgeni aliyetutunzia mitambo ya mvuke, alimjia Jumanne moja macho yamemwiva. Baba yake alikuwa mahututi huko kwao.

"Mama, nikisafiri leo, kibali kipya hakitaleta shida?"

"Nenda mwanangu. Mambo yako tayari."

Tayari wapi! Faili lilikuwa palepale mezani.

Sheria yenyewe wala si ngumu, ndiyo maana inaniudhi. Ombi likipokelewa fundi akiwa ndani ya nchi, hakuna ada kubwa ya kulipiwa. Likipokelewa akiwa nje, kuna ada kubwa, na mwajiri anailipa yote ndipo mtu arudi. Bosi alipoletewa barua ya ada alitoa macho. "Yote hii kwa mtu mmoja? Tafuteni mwingine." Akapatikana mwingine, na Fundi Boila akabaki hukohuko.

Tangu hapo Mama Muhuri si yule tena. Mchana kweupe huinua kichwa akasema "karibu" na mlangoni hakuna mtu. Anaapa kwamba anamsikia Fundi Boila akisafisha koo, kama alivyozoea kabla ya kuomba jambo. Mwanzoni tulimcheka. Siku hizi akitoka, na mimi natoka. Sikai mle peke yangu, naogopa.

Wiki iliyopita mke wa Fundi alikuja kuchukua vyeti vya mumewe. Amefunga mizigo, anamfuata mumewe kwao na mtoto. Mama Muhuri alimshika mkono.

"Mwanangu, watu wote nimewaambia ni sheria. Si sheria. Ni mimi, faili nililikalia."

"Najua, mama."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Aliliona mezani siku ile ile, lina jina lake." Mwanamke akavipanga vyeti taratibu kwenye mkoba. "Nikamwambia rudi ukamuulize. Akasema, mama wa watu ameshasema tayari, nitamuumbuaje?"